Sarafu Kando ya Kisu

Bantine alikuwa na visu vya kukunja mia mbili na kumi na vinne, na hakuna hata kimoja kilichowahi kukata kitunguu. Karani huyo mstaafu wa posta alivipaka visu vyake mafuta, akavilaza juu ya kitambaa cheusi, akaweka sarafu kando ili watazamaji wajue ukubwa wake, ndipo akapiga picha. Wala si sarafu yoyote tu. Kisu cha mwaka 1951 kilitaka sarafu ya 1951, ya lira, fedha ya zamani ya Italia. Picha zilikwenda kwenye kundi la simu la wakusanyaji visu wenzake, ambako wanaume wazima wenye wajukuu waliandika, "Lo, mpini huo wa pembe!" wakalala na furaha zao.

Na kula je? Katika milima ya Sardinia mwanamume hutoa kisu chake mfukoni karamuni akajikatia mwenyewe. Bantine alikatiwa na Gonario, mchungaji, rafiki yake tangu shuleni. Alidai mafuta ya nyama yanaharibu chuma. Haya, tukubali.

Kwa miaka thelathini alikimezea mate kisu cha Gonario, cha mwaka 1951, urithi wa baba yake, mpini wake wa pembe ya kondoo dume umelika pale kinapokaa kidole gumba. Kisha mwaka mmoja vidole vya Gonario vilikakamaa kwa baridi yabisi, akawa hawezi kukikunjua tena. Akamwita Bantine zizini.

"Chukua bwana. Umekikodolea macho mpaka nimechoka mimi."

Bantine alikipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Gonario akakinga kiganja.

Kila mtu kule anajua: ukipewa kisu unatoa sarafu, hata ile ndogo kuliko zote, la sivyo kisu kitakata urafiki. Bantine mwenyewe aliwahi kuliandikia kundi maelezo marefu juu ya desturi hiyo na kuwakaripia vijana wanaoipuuza. Basi akatia mkono mfukoni. Mlikuwa na sarafu moja tu, imefungwa kwenye leso, lira kumi ya 1951 isiyo na mkwaruzo, aliyoibeba kwa ajili ya picha.

"Hii ni ya picha," alisema. "Nitakuletea nyingine kesho."

"Ya picha."

"Haipatikani, Gonario. Nimeihangaikia miaka minne."

"Na mimi hicho kisu nimekaa nacho arobaini," Gonario alisema, akarudisha mkono mfukoni.

Kesho yake mwanga ulikuwa mzuri wa kupigia picha. Keshokutwa kulikuwa na pongezi za kujibu. Chini ya picha Bantine aliandika, "Zawadi ya rafiki wa maisha," na mtu mmoja akauliza alimpa sarafu gani. Bantine akajifanya hajaona. Mkewe, Peppedda, aliona.

"Humu ndani mna sarafu ndoo nzima," alisema. "Umeshindwa kumpelekea moja?"

"Nitampelekea. Haraka ya nini?"

"Mume wangu, haya huna."

Zikapita wiki tano, na Gonario hakupiga simu. Bantine alianza kuogopa. Hakuwa na rafiki mwingine wa kukaa naye. Wale wa kwenye kundi hata sura zao hakuzijua.

Siku ya kunyoa kondoo wa Gonario majirani wote walikwenda kusaidia, na Bantine akaenda. Jioni nyama ikaletwa juu ya vipande vya gome la mti, ndizo sahani zao, visu vikatoka mifukoni. Gonario, na kisu cha jikoni mkononi, alimkatia padri, akawakatia wazee wasio na meno, akamrushia mbwa kipande. Alipomfikia Bantine, akampita.

Bantine akafungua leso. Hata wakati huo sarafu ile ilimuuma. Akaisukuma mezani mbele ya watu wote.

"Ndiyo yenyewe, Gonario. Ichukue."

Gonario hakuigusa. Aliisogeza kwa ncha ya kisu mpaka kando ya gome tupu la Bantine.

"Iache hapo hapo," alisema. "Piga picha. Wenzako wajue urafiki wetu ulikuwa na ukubwa gani."

Kisha akaenda kuwakatia wengine. Bantine, mwenye visu mia mbili na kumi na vitano nyumbani, akachana mkate kwa vidole.