Tanuri Halimo Katika Bajeti

Tanuri la nyumba yetu liliharibika mwezi wa Shaabani, na kulitengeneza kulihitaji ruhusa ya watu wasiokula mkate wetu.

Nyumba hiyo, iliyomo katika mji mkongwe wa Taza, huwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, pamoja na watoto wao. Mlango wake hauna kibao. Mimi ndimi msimamizi wake tangu nilipoacha kufundisha, na wakubwa kwa wadogo huniita kwa heshima Lalla Zhor. Unga, dawa na mishahara hutoka kwa wafadhili walioko mji mkuu, Rabat, ambao mradi wao una jina refu: huduma kwa watoto na wazazi walioathiriwa na ukatili wa majumbani. Mwaka huo walitupatia pia bango kubwa lenye jina hilo, tusiloweza kulitundika popote.

Sitawanyima haki yao. Mradi ulituletea mtaalamu wa watoto, ambaye kila Alhamisi hukaa sakafuni pamoja na watoto na mama zao, wakichora. Tuda, binti wa Hniya, alipofika kwetu alikuwa na umri wa miaka sita, na alilala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Alhamisi baada ya Alhamisi mtaalamu na mama yake walimbembeleza, hata jioni moja akavivua mwenyewe na kuvipanga chini ya kitanda. Hniya alinishika mkono akanionyesha vile viatu kama mtu anayeonyesha mwezi mwandamo.

Lakini tanuri! Nilimweleza Bi Ibtissam, ofisa wa mradi, alipokuja kukagua.

"Lalla Zhor, vifaa haviruhusiwi," alisema. "Mradi ni wa huduma."

"Mkate si huduma?"

"Mkate ni gharama za uendeshaji. Na pesa ya unga si tunawapa?"

"Unga tunao, mwanangu. Watoto waurambe?"

"Ah, Lalla, unanichekesha! Tanuri la mtaa si liko hapo chini tu? Taza nzima inapeleka mikate huko."

"Taza nzima haijifichi."

Alifikiri kidogo. "Mngeomba mafunzo ya kuoka, kwa ajili ya kuwainua kina mama, ningeweza kuliingiza mwakani."

"Na mpaka mwakani tutafune nini? Bango?"

Basi mikate ikaanza kwenda katika tanuri la mtaa. Kila nyumba hutia alama yake juu ya donge, ama kwa uma ama kwa vidole, ili mikate isichanganyike. Niliamuru yetu iende bila alama yoyote, juu ya ubao uliofunikwa kitambaa cha kijani. Amri hiyo niliirudia hadi wanawake wakawa wananiigiza nyuma ya mgongo wangu.

Siku moja zamu ya kukanda ilikuwa ya Hniya. Nilipokwenda kuichukua mikate iliyokwisha kuiva, nilimkuta mwanamke ameushika mmoja wa mikate yetu, akiugeuzageuza.

"Bibi, huu wako?"

"Wangu. Uweke chini, utauchafua."

"Nani kaukanda?"

"Mikono."

Alicheka. "Mikono ya nani? Hii alama ya kwetu, bibi. Vidole vitatu, na ukucha katikati. Anaitia mama yangu, na mke wa kaka yangu, aliyefundishwa na mama. Mwingine simjui."

"Vidole Mungu kawapa watu wote, binti yangu."

"Kweli kabisa. Basi huyo mwenye vidole mwambie Bahija anamsalimu. Na kaka yangu anamtafuta mwanawe."

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilizunguka vichochoroni, nikaingia kwa mjane ninayefahamiana naye na kutokea mlango wake wa nyuma, huku ubao ukiniunguza bega. Kumbe Bahija, wifi yake Hniya, ameolewa mtaa uo huo, nasi hatukuwa na habari.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Hniya aliitazama mikate, kisha akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima.

"Wallahi sikukusudia, Lalla. Miaka minane nimeikandia nyumba ile. Vidole vimejiendea vyenyewe."

Niliyaacha yale maneno, nikautua ubao.

Kesho yake asubuhi mumewe alikuwa amesimama mbele ya tanuri, akifunua kitambaa cha kila ubao uliopita. Nilimpigia simu Bi Ibtissam.

"Uhamisho wa dharura? Hilo lipo, Lalla!" Sauti yake ilichangamka. "Gari, nafasi katika nyumba ya mji mwingine, vyote vimo katika bajeti. Adhuhuri haitafika kabla ya gari."

"Na mtaalamu wa Alhamisi, huko yupo?"

"Huko bado. Kule tumeanza na kina mama tu, watoto awamu ijayo."

"Na tanuri langu?"

"Lalla, tafadhali, tumalize la dharura kwanza. Sababu ya uhamisho niandike nini?"

"Andika mkate."

"Hawatanielewa. Nitaandika kuvuja kwa taarifa za siri."

"Basi ongeza kwamba zilivujia tanurini."

Gari lilifika kweli, jipya, viti vyake vingali na nailoni. Waliliegesha nyuma ya nyumba ya yule mjane. Hniya alitoka na mfuko mmoja, akanibusu kichwani. Tuda alikaa dirishani, viatu vyake vimefungwa kwa mafundo mawili mawili. Tangu jana yake hakuwa amevivua.

Niliwapa mikate ya njiani. Ile alama nilikuwa nimeikwangua kwa kisu.

"Bibi, huu nani kautafuna?" Tuda aliuliza.

"Panya."

"Panya wana visu?"

Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata kumwacha mtoto bila jibu. Dereva aliwasha gari, nami nikashukuru kwa kelele zake.