Nusu Kidonge

Kabla maumivu hayajamwingia, Dionisia alikuwa mwanamke wa jembe pale Lionja, mtu wa kumaliza palizi yake na kwenda kumsaidia jirani. Kisha, mwaka aliomwachisha mwanawe Edwin ziwa, viungo vikaanza kumkamata. Asubuhi vidole vilikataa kukunjuka, mabega yakawa mazito kama ya mtu mwingine, na hakuweza kushuka kitandani mpaka amwite mumewe, Gabrieli. Mwenye duka la dawa mmoja akawapa vidonge vidogo vyeupe. Kesho yake Dionisia alichota maji mwenyewe.

Kwa miaka saba alimeza vinne kila asubuhi. Uso ulimviringika, mashavu yakang'aa, na sokoni watu walimwambia amependeza, ndoa imemkubali. Yeye alijua kilichokuwa chini ya kanga: ngozi iliyochubuka kwa kuguswa tu, miguu iliyokonda, mgongo ulioanza kupinda. Mwaka 2003 daktari wa hospitali alimpima, akamweleza bila kumficha.

"Mama, vidonge hivi vinatuliza viungo, lakini vinakula mifupa. Wala huwezi kuviacha ghafla. Kuna kitu mwili ulikuwa unajitengenezea wenyewe, sasa umeacha kwa kuvizoea. Ukikata mara moja, unaweza kufa. Tutapunguza nusu kidonge, tusubiri, halafu nusu nyingine. Maumivu yatarudi. Itabidi uvumilie."

Nusu ya kwanza ilipita salama. Ya pili ikamwangusha. Gabrieli alimkuta mlangoni, amekaa chini, ameshindwa kunyanyuka, na haja ndogo imemtoka. Alimwosha, akamvalisha kanga kavu.

"Rudisha vile vinne, Mama Edwin."

"Sirudishi. Nataka wajukuu wanikute nimesimama."

"Kwa hali hii?"

"Nimesema sirudishi."

Tangu hapo Gabrieli akawa anaamka alfajiri kumpikia uji. Majirani walicheka kuona mwanamume na mwiko, lakini hakuwajali. Ulikuwa uji wa mtama wenye ukwaju mwingi, mkali wa kutia ganzi meno. Dionisia aliunywa wote kwa kumheshimu.

Polepole maumivu yakalegea. Alipofika kidonge kimoja, alikuwa anakunja vidole, anapepeta ufuta, anakwenda kanisani kwa miguu yake. Daktari alishangaa kidogo kuona uso haujapungua, lakini alifurahi pamoja naye. Jumapili moja Dionisia alisimama mbele ya waumini, akatoa jogoo wa shukrani, akasema Mungu amemrudishia mwili wake. Kina mama wakapiga vigelegele. Gabrieli alikuwa benchi la nyuma, ameinamisha kichwa. Dionisia akadhani anasali.

Mwezi wa kumi kaka yake Gabrieli alifariki huko Nandagala, upande wa Ruangwa. Gabrieli akaenda msibani, na matanga yakarefuka. Nyumbani Dionisia alijipikia uji na kumeza kidonge chake kama kawaida. Haukupita muda akaanza kutapika, kisha jasho baridi, kisha macho yakaingia kiza. Jirani yake, Shakila, alimkuta sakafuni akisema maneno yasiyoungana. Alisimamisha gari la korosho, wakampakia juu ya magunia mpaka hospitali.

Alipozinduka alikuwa na dripu mkononi. Gabrieli alikuwa ameshafika, vumbi la safari bado liko usoni, na daktari alikuwa anamhoji.

"Mtu wa kidonge kimoja haanguki hivi. Huyu ni kama amekatiwa dozi kubwa kwa mkupuo. Alikuwa anameza nini kingine?"

Gabrieli alitazama chini. "Vidonge vilevile. Kila alipopunguza, mimi nilifidia. Nilikuwa navinunua dukani, navisaga, navitia kwenye uji."

Daktari alishusha pumzi, akawaacha peke yao.

"Tangu lini?" Dionisia aliuliza.

"Tangu siku ile ya mlangoni. Nilishindwa kukuona vile."

"Na siku niliyosimama kanisani?"

"Nilitaka kukwambia. Ulikuwa unacheka. Sijakuona unacheka hivyo tangu Edwin ananyonya."

Dionisia aligeukia ukutani. Miezi yote ile alijiona anakwenda, kumbe alikuwa palepale alipoanzia. Na jogoo alishamtoa.

Walianza upya. Safari hii alijipikia mwenyewe, na vidonge alivifunga kwenye pindo la kanga. Lakini alipofika viwili mwili uligoma. Kila nusu aliyoondolewa ilimrudisha sakafuni, ikabidi arudishiwe. Mwaka uliofuata, akiinua beseni la ufuta, alisikia kitu kimekatika mgongoni. Picha ikaonyesha pingili imebonyea. Daktari alimwambia kwa upole kwamba huenda hivyo viwili atakaa navyo maisha yake yote.

"Kama asingenificha, ningefika?"

"Sijui, mama. Huenda maumivu yangekurudisha vilevile."

Jibu hilo lilimkaa vibaya kuliko kama angeambiwa kosa ni la mumewe. Sasa hata kumchukia Gabrieli sawasawa hakuweza, na kumsamehe pia hakuweza.

Mikorosho yao ya mbali waliikodisha kwa ndugu. Mchana Gabrieli alimtandikia mkeka barazani, akamwegemeza mto mgongoni.

"Umekaa vizuri?"

"Nimekaa."

Gabrieli alisubiri kama ataongeza neno. Baadaye alichukua jembe, akaenda shamba peke yake.