Randa na Mama Mkwe Wake

Watu walimwita mume wangu Randa kwa sababu kabla ya jukwaa alikuwa fundi seremala. Akipiga randa anaimba. Akinyamaza, ujue ubao umeharibika. Nyimbo zake zilipoanza kuwajaza watu mlangoni mwa karakana, alikodi ukumbi mkuukuu, akautengenezea jukwaa kwa mikono yake, akakusanya wapigaji ala watano. Mwaka haukuisha, watu wakawa wanasimama ukutani kwa kukosa viti.

Wimbo uliompa umaarufu ulimhusu mkwewe, yaani mama yangu. Aliimba jinsi anavyokoroma mpaka vifuniko vya sufuria vinaitikia.

Nilimwonya, “Mama akisikia, utanirudisha kwetu mwenyewe.”

Akacheka tu.

Jumamosi moja mchana mama alikuja bila taarifa, akakata tiketi, akaketi mstari wa mbele. Randa alipomwona, sauti ilimkauka katikati ya ubeti. Wapigaji nao wakanyamaza mmoja mmoja. Mama akajifunga mtandio kiunoni, akapanda jukwaani, akaupokea wimbo pale pale ulipokatikia. Akamwimba mkwe aliyekuja kujitambulisha na viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko kingine. Ukumbi ulilipuka. Mimi nilificha uso kwa aibu, huku mbavu zinaniuma kwa kicheko.

Kesho yake Randa alikwenda kwa mama kuomba radhi, macho chini.

“Nisamehe, mama.”

“Kukusamehe nimeshakusamehe. Ila ubeti wako wa pili una vina vibovu.”

“Basi njoo tuurekebishe, tuimbe wote.”

“Mkwe, una akili timamu wewe?”

Lakini alikwenda.

Miaka kumi na minne walijibizana jukwaani, na Randa ndiye aliyemwandikia mama beti kali kuliko zake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini anajipangia kushindwa kila siku.

“Mama akishinda,” akasema, “watu wanarudi na mama zao.”

Magoti ya mama yalipochoka, Randa alifunga ukumbi siku tatu, akang’oa ngazi za jukwaa, akajenga mteremko mpana wenye vishikio. Wiki hiyo gazeti lilimwita mfalme wa vichekesho. Mwandishi alimkuta amelala chini ya jukwaa, misumari mdomoni.

Mama aliupanda mteremko ule miaka mitatu zaidi, mdogo mdogo. Akifika juu, pumzi hana. Basi Randa huwapigia watu porojo, mara kasahau maneno, mara kofia imemdondoka, mpaka mama apumue. Watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo.