Kiti cha Getini

Watu huniambia nisahau. Wasahau wao.

Kompaundi yetu ya Umm Salal, huko Qatar, ilikuwa na majumba makubwa, bwawa la kuogelea na geti moja. Getini palikuwa na mwavuli na kiti cha plastiki, na mimi na mlinzi mwenzangu Nahashon tulikikalia kwa zamu. Julai ile goti lake lilivimba. Nikamwachia zamu zangu za kukaa.

Mkaaji mmoja akampiga picha ameketi, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wakaaji: "Huyu ndiye anayetulinda?" Wakaitisha mkutano. Ajenda: takataka, paka wa mitaani, kiti.

"Tulia, buda," Nahashon akaniambia. "Dada Milcah atakuwepo."

Milcah alikuwa nesi, Mkenya mwenzetu pekee aliyeishi mle ndani. Kila Ijumaa tuliabudu sebuleni kwake na kula chapati zake. Nikamwendea.

"Dada, utatusemea? Goti la Nahashon unalijua."

"Ndugu yangu, tuliweke kwa maombi."

"Maombi tutafanya sisi. Wewe zungumza."

Akacheka. "Wewe na siasa zako!"

Siku ya mkutano nilitumwa kuwapangia viti ukumbini, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Walipoulizwa nani anataka kiti kiondolewe, mikono ikapanda. Wa Milcah ulikawia; akatazama majirani, kisha ukapanda.

Kiti kikaondoka jioni ile. Nahashon akaleta mzaha: "Sasa sisi ni milingoti ya bendera. Umewahi kuona mlingoti umeketi?"

Wiki haikuisha. Adhuhuri moja alianguka kando ya geti, uso kwenye lami iliyokuwa ikiunguza. Nikamvuta hadi kwenye kivuli cha ukuta, chembamba kama mshipi. Milcah alikuwa anarudi kutoka kazini. Akaruka kutoka garini na sare yake. Kazi yake aliijua, sikatai: akamfungua shati, akammwagia maji, akashika mshipa wa shingo.

"Leta kiti tumwinulie miguu!"

Nikamtazama.

"Wewe! Nimesema kiti!"

"Kiti gani, dada? Si mlikipigia kura?"

Akamshika Nahashon miguu. Tulimbeba sisi wawili, tukamlaza ndani ya gari lake, nyuma, penye ubaridi. Milcah akaweka vidole shingoni tena, akitafuta mapigo. Akavihamisha. Akavihamisha tena.

Nje, magari yalianza kupiga honi. Walikuwa wanataka kufunguliwa geti.