Gauni la Rangi ya Pamba

Siku binti yangu alipokwenda kuwachagulia ndugu zake zawadi, alikaa kwanza kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akangoja pumzi imrudie. Kisha akaomba kila nguo igeuzwe ndani nje.

Kilikuwa chumba cha mafundi wa kike, vyerehani vimepangwa ukutani, vipande vya kitambaa vimefagiliwa kwenye kona moja. Fundi mkubwa alikuwa mama mnene, sindano zimechomekwa kifuani kama nishani.

"Pamba hii kailima nani?" binti yangu akauliza.

"Wakulima wa ushirika. Hawapigi dawa za sumu. Wadudu wanaokotwa kwa mkono."

"Imetiwa rangi?"

"Haijatiwa. Rangi yake ndiyo hiyo aliyoipa Mungu."

"Na ninyi mnaoshona, mnapata kupumzika? Mnalipwa kwa wakati? Madirisha yanafunguliwa?"

Fundi akaweka mkasi chini. "Dada, unanunua nguo au unaposa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Binti yangu naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuondoka. Nikamshika mgongo mpaka kikapita. Fundi aliiona leso aliyojifutia mdomo, na hakutania tena. Alinyanyuka akaenda kufungua dirisha la nyuma, ambalo kwa kweli lilikuwa limefungwa.

Huyu ni kitinda mimba wangu. Alifanya kazi kiwanda cha jinzi, lakini hakuwa anashona. Kazi yake ilikuwa kuzizeesha. Suruali zilimfikia zikiwa mpya, buluu iliyokolea, ngumu kama boksi. Wanunuzi wanataka zionekane zimevaliwa na babu zao, zimepauka mapajani na magotini. Basi yeye alishika bomba la upepo, akazipuliza mchanga mpaka zipauke. Vumbi lilijaa chumba, na kinga yake ilikuwa mtandio aliojifunga puani. Jioni alirudi nyumbani nyusi nyeupe, na mwanawe, mjukuu wangu, alikuwa akimpokea mlangoni kwa makofi: "Mama kawa bibi! Mama kawa bibi!" Tulikuwa tunacheka wote.

Mchanga wa kwenye nyusi ulitoka kwa maji. Wa kifuani ulibaki. Daktari alituonyesha picha, akasema mapafu yamefanya makovu na yanazidi kukakamaa, na dawa ya kuyalainisha haipo. Tulirudi nyumbani. Alipovua viatu ndipo akasema, "Mama, nataka picha moja ya sisi sote. Kila mtu avae nguo ambayo haikumuumiza mtu. Nguo nitazitoa mimi, iwe zawadi yangu."

Ndiyo maana tulikuwa pale. Akachagua shati na suruali ya kaka yake, blauzi ya wifi yake, gauni fupi la mwanawe, gauni langu lenye mifuko, maana anajua napenda kuweka funguo karibu. La kwake akalichagua mwisho, la mikono mirefu. Fundi akatupima, akatuonya: "Kitambaa hiki hakijatiwa dawa yoyote, kikifuliwa kitapungua. Nawaongezea kidogo kila mahali."

Nguo zilipokuja, tulikusanyika sebuleni kuzijaribu. Mwanangu wa kiume tunamwita Mtanashati, kwa sababu hata kutupa takataka anapiga pasi kwanza. Akainyanyua suruali yake kwa vidole viwili.

"Jamani, hii ni suruali au gunia la viazi lililostaafu?"

"Vaa," dada yake akamwambia kutoka kwenye kochi. "Gunia lako halijamkohoza mtu."

Mtanashati alikuwa amevaa jinzi iliyopauka magotini. Akayatazama magoti yake mwenyewe kitambo. Akaingia chumbani, akatoka amevaa gunia, na ile jinzi sijaiona tena.

Binti yangu alipovaa gauni lake, likamning'inia. Fundi aliongeza kidogo, lakini mwili nao ulikuwa umepunguza tangu siku ya kupimwa. Nikamwambia nilirudishe likatiwe mshono mbavuni.

"Msilikate," akasema. "Nitanona. Mkilikata, nikinona nitavaa nini?"

Nikalifua. Likapungua kama tulivyoambiwa, na alipolivaa mabega yalikaribia kukaa mahali pake. Akajigeuza mbele ya kioo.

"Mama! Limenishika hapa. Si nimeanza kunona?"

Nilijua ni maji yaliyofanya kazi hiyo. Lakini uso wake siku ile! "Umenona, mwanangu," nikasema, huku nakung'uta mto usio na vumbi. "Hata mashavu yanarudi."

Tangu hapo nikawa na kazi yangu. Kila nilipoona gauni limelegea, nilisubiri alale mchana, nikalitia kwenye sufuria kubwa, nikalichemsha, nikalianika penye jua kali kabisa. Nilitaka lipungue pamoja naye, asigundue. Nikimaliza nalipima kwa shubiri, kutoka kwapa hadi kwapa. Kitambaa kilizidi kuwa laini, laini kama sikio la mtoto, lakini shubiri zilikuwa zilezile. Na yeye mkononi nilikuwa naweza kumzungusha vidole vikakutana.

Nikaenda kwa fundi.

"Mama," akaniambia, "pamba hii hupungua ule mfuo wa kwanza, labda na wa pili kidogo. Ikishatulia, imetulia. Hata uichemshe mpaka sufuria itoboke."

"Nakuomba unifanyie namna."

"Niletee niitie mshono."

"Hataki."

Akalaza kitambaa alichokuwa anashona mapajani, akakipapasa. "Mama, nguo haina kosa."

"Najua," nikasema. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo hata moyoni.

Nilirudi, na kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya, nikabandika tena maji. Nilikuwa nimesimama juu ya sufuria na mwiko wa kufulia, nikasikia kiti kinaburutwa. Binti yangu alikuwa amekuja mwenyewe hadi mlango wa jikoni, akakaa hapo.

"Mama, acha kulichemsha. Utamaliza mkaa bure. Pamba ikishatulia haipungui tena."

Mwiko ukabaki hewani. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nguo nimezishika tangu nikiwa msichana, Mama. Ningekosaje kujua?"

"Sasa mbona ulikuwa unasema umenona?"

"Nilivyosema mara ya kwanza, ulifurahi mpaka ukanipikia mara mbili." Akatabasamu. "Nikaona nisikunyime."

Nikaketi sakafuni pale pale, kichwa changu magotini kwake, mtu mzima mimi na mvi zangu, nikalia. Yeye hakulia. Pumzi ya kulia hakuwa nayo. Alinishikashika kitambaa cha kichwani, kama ninavyomfanyia mjukuu.

"Mwite mpiga picha," akasema. "Kesho. Tusingoje ninone."

Mpiga picha alikuja asubuhi, akatundika shuka ukutani. Tukajipanga, sote rangi moja, kama mikate ambayo haijaingia tanuri. Hayo ni maneno ya Mtanashati, na dada yake aliyacheka kwa macho tu. Alikataa kukaa. Alitaka kusimama. Lakini gauni lilimmeza, shingo ikateleza begani, na mpiga picha akashusha kamera.

Mtanashati akasogea nyuma ya dada yake. Akalikusanya gauni mgongoni, mkunjo kwa mkunjo, akalishika lote kwa ngumi moja, na kwa ngumi hiyo hiyo akamshikilia asianguke.

"Piga," akasema. "Piga haraka, huyu mzito, kanona."

Tukamzika kabla picha hazijasafishwa.

Ipo hapa ukutani, juu ya meza ninayokatia mboga. Mjukuu amekuwa mrefu, gauni lake fupi lilishapita kwa watoto wengine, bado zima. La mama yake nimelikunja kabatini, sijalitia maji tena. Katika picha limemkaa sawasawa, kama alilopimiwa jana. Wageni husema, alikuwa na umbo zuri binti yako. Kisha humtazama Mtanashati aliyebanana nyuma yake, macho mekundu, na kuniuliza mbona huyu mkono wake mmoja hauonekani.

Nawaambia, "Kamshika dada yake."