Neno Lisilotoka Nje ya Bunge

Haya kanieleza mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, Jumapili iliyopita mchana, tumekaa kitandani kwangu tukikunja nguo.

Mwanangu alikuwa mtunza stoo wa hospitali. Mheshimiwa wetu, mbunge, alitaka makasha ya dawa bila karatasi, akayagawe kwenye kampeni. Mwanangu akakataa. Wiki ileile Mheshimiwa akasimama bungeni, akamtaja kwa jina lake na la baba yake, eti anauza dawa za wagonjwa. Redio ikatangaza. Kazi ikaota mbawa. Mwanangu akafunga begi: "Nitarudi jina langu likishasafishwa." Huu mwezi wa saba, anapakua saruji mji wa mbali.

Wakili akamwambia mkwe wangu kwamba linalosemwa ndani ya ukumbi lina kinga, huwezi kumshtaki aliyelisema. Lakini akilirudia nje, hata kwenye ngazi za Bunge, anashtakika kama mimi na wewe.

Basi mkwe wangu akaenda kumvizia kwenye zile ngazi, yeye na jirani yetu mshonaji, awe shahidi. Siku ya nne, Alhamisi, Mheshimiwa akatoka.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Yule mtunza stoo, ni kweli aliiba dawa?"

Akatazama ngazi, akamtazama mshonaji, akatabasamu. "Mama, hapa nje mimi nazungumzia mvua tu. Ukitaka mengine, njoo mle ndani ukae kwenye viti vya wageni."

"Basi sema hakuiba."

"Na mwaka huu imechelewa kweli," akasema, akaingia garini.

Siku tatu mkwe wangu alishindwa kumpa mumewe habari hizo. Jumapili hiyo akampigia mbele yangu, sauti tukaisikia sote.

"Amesema?"

"Hajasema. Rudi hivyohivyo, baba watoto. Mimi sikuolewa na redio."

Mwanangu akacheka kidogo. "Na watoto wakiitwa watoto wa mwizi?"

"Wanaitwa sasa hivi, na wewe haupo."

Mwanangu akasema, "Usikate simu."

Mkwe wangu akajinyoosha, simu shavuni, mara usingizi ukamchukua. Nikaiinua ile simu.

"Amelala, mwanangu."

"Iache hapohapo, mama. Nimsikie anavyopumua."

Nikairudisha karibu na uso wake. Nikangoja aitaje siku ya kurudi. Nilichosikia ni mwanangu akikoroma.