Kofi la Pajani

Kabla ya kuwa kocha wa warushaji katika chuo kimoja cha Ruiru, Kagwe alikuwa mtu wa mashine katika kiwanda cha nguo mjini Thika. Mchana alisimamia nyuzi. Jioni alienda kwenye masomo ya watu wazima, akakaa kwenye dawati la watoto huku magoti yakisugua mbao, mpaka akafanya mtihani wa kidato cha nne wakati mtoto wake wa kwanza alikuwa tayari anajua kusoma. Besiboli alifundishwa na Mjapani wa kujitolea, mwalimu wa hesabu katika shule iliyopakana na kiwanda. Mjapani huyo alitafuta mtu wa kumdakia mipira, lakini vijana wote walitaka kandanda. Kagwe akadaka. Baadaye akarusha. Mjapani alipoondoka alimwachia glavu mbili na kitabu cha Kiingereza chenye picha za mikono na mabega, naye Kagwe akakisoma akiwa na kamusi pembeni hadi jalada likang'oka.

Katika mchezo huo kila jambo huanzia kwa mrushaji. Husimama juu ya kituta cha udongo na kumrushia mpira mdakaji aliyechuchumaa, na hapo katikati kuna mpigaji mwenye gongo anayetaka kuugonga upotelee mbali. Mrushaji akiwa mbovu, wenzake wanane wamekuja kuota jua tu. Kagwe aliliambia hivyo kila kundi jipya, kisha akaongeza, "Mimi sina digrii. Lakini mkono wa mtu naujua vile nyinyi mnajua simu zenu."

Haikuwa majisifu matupu. Chuo kile kisicho na uwanja wa maana kilivishinda vyuo vikubwa, na watu walipouliza siri, jibu lilikuwa warushaji wa mzee Kagwe.

Bora kati yao wote alikuwa Musembi. Alitoka mtaa wa Landless, mtoto wa Kaluki, mama aliyeuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kando ya barabara na aliyehangaika na ofisi za basari mpaka kijana wake akaingia kusomea umeme. Kagwe alimwona kwanza akitupa chupa tupu ya soda ndani ya pipa lililokuwa mbali, bila hata kusimama. Alimfuata hadi mlango wa darasa.

Musembi alikuwa na mazoea ambayo hakufundishwa na mtu. Mpira ukishamtoka mkono wa kulia, mkono wa kushoto ulishuka ukapiga paja, pwaa, kama mama anayemfukuza kuku. Mwanzoni Kagwe alitaka kuyaondoa, kisha akaona mpira unaenda pale unapotakiwa, akayaacha. Mwaka uliofuata alikuwa akiwaambia wengine, "Mwangalieni Musembi. Mwigeni hata anavyokohoa." Yeye mwenyewe alisimama kando ya kituta cha Musembi jioni baada ya jioni. Wengine walirusha upande wa pili wa uwanja, naye akawasikia tu kwa mbali.

Ndipo wanafunzi wakagoma kwa sababu ya kunyimwa kadi za mtihani. Mawe yalirushwa. Moja lilitoka mbali sana, likapita juu ya ua, likampiga askari wa lango, Absalom, chini ya jicho. Absalom alikuwa mtu wa kunywa chai na Kagwe saa nne. Kagwe alipomwona hospitalini, uso umefura hadi jicho halionekani, aliapa mbele yake kwamba aliyefanya hivyo atajulikana.

Mtu alikuwa amepiga picha za video kwa simu. Bi Wamboi, mkuu wa masuala ya wanafunzi, alimwita Kagwe mbele ya kamati ya nidhamu na kumwonyesha. Alionekana kijana aliyefunika uso kwa skafu, kofia ya sweta kichwani. Aliinua goti, akarusha, na mkono wa kushoto ukapiga paja.

"Kocha," alisema Bi Wamboi, "wewe ndiye mtaalamu wetu. Tuambie."

Katika jengo lile lote hakuna mwenye digrii aliyewahi kumwita mtaalamu. Walikuwa watu watano, na wote walimsubiri.

"Huyo ni Musembi," alisema Kagwe.

"Una hakika?"

"Naweza kukosea jina la mke wangu, lakini si huyo."

Wakacheka kidogo. Musembi akaitwa. Alisema alikuwa amelala katika chumba alichopanga Gatongora, na hakuwa na shahidi, kwa maana mtu akilala peke yake shahidi atoke wapi. Aliposema hivyo hakuwaangalia wanakamati, alimwangalia Kagwe. Kagwe aliiangalia kofia yake mwenyewe, ambayo alikuwa ameiweka magotini.

Musembi akafukuzwa chuo.

Sasa Kagwe alilazimika kuwaangalia wengine. Wa kwanza alikuwa Kinuthia, kijana wa maneno mengi. Kinuthia akarusha. Pwaa. Kagwe akadhani hakuona vizuri. Akaomba mpira mwingine. Pwaa. Akamwita Muriithi apande kitutani, na Muriithi naye akajipiga paja.

"Kinuthia, hilo kofi umelitoa wapi?"

"Kofi gani, Kocha?"

"La pajani."

Kinuthia aliangalia paja lake kana kwamba ni la mtu mwingine. "Ah, hiyo. Si ni style ya Musembi? Wewe ndio ulituambia tumuige hata anavyokohoa. Muriithi alianza kukohoa kweli, tukamwambia aende akapimwe."

Vijana wakacheka.

"Wote mnalo?"

"Karibu wote. Hata wale wa first year. Hawajui kurusha, lakini paja wanapiga sawasawa."

Kagwe alingoja kicheko kiishe. "Na wewe siku ya mgomo ulikuwa wapi?"

Kinuthia aliacha kutabasamu. "Siku hiyo kila mtu alirusha. Mimi nilirusha moja ikaanguka kwa maua. Huyo wa kwa video si mimi." Akauchezesha mpira mkononi. "Lakini hata nikikuambia si mimi, Kocha, utajuaje?"

Kesho yake asubuhi Kagwe alikuwa mlangoni kwa Bi Wamboi kabla hajafungua ofisi. Alimweleza yote akiwa amesimama.

"Kwa hivyo ulikosea," alisema Bi Wamboi.

"Sijui kama nilikosea. Pengine ni yeye, pengine si yeye. Ninachosema ni kwamba sikuweza kujua, nami nikasema najua."

"Hiyo ni mbaya zaidi, Kocha."

"Naelewa."

Bi Wamboi alimweleza kwamba rufaa huletwa na mwanafunzi mwenyewe, na muda wake ulikuwa karibu kwisha. "Na wewe utakuja useme maneno haya haya. Absalom akiwa hapo. Utaweza?"

"Nitasema."

Kaluki alimpokea kibandani pake Landless kwa heshima iliyomchoma kuliko matusi. Alimpa chai, akamwambia kijana anaendesha boda boda Ngoingwa, kisha akageuka kupepeta mahindi yake.

Kwenye stendi ya Ngoingwa, waendeshaji walikuwa wamelala juu ya pikipiki zao kama nyani juu ya matawi. Mmoja akaita, "Musembi, mteja wako huyu. Mpeleke polepole, asimwagike."

Musembi aliinuka. Alikuwa amekonda usoni. "Kocha."

"Musembi. Mama yako ndiye ameniambia uko hapa."

"Alikupa chai?"

"Alinipa."

"Huyo ni mama. Mimi singekupa."

Kagwe alilikubali hilo. Alimweleza juu ya Kinuthia na Muriithi na wale wa mwaka wa kwanza, na jinsi alivyokuwa akiwafundisha wote mrusho wa mtu mmoja bila yeye mwenyewe kuwaangalia. Musembi alisikiliza huku akifuta kioo cha pikipiki kwa kidole.

"Ulikuwa na namba yangu," alisema mwishowe.

"Nilikuwa nayo."

"Usiku ulikuwa ukinipigia. Unaniuliza kama nimekula, kama nimepaka dawa kwa bega. Siku hiyo hukunipigia. Hukuniuliza, 'Musembi, ni wewe?' Ungeniuliza ningekujibu, hata kama ni mimi."

Katika miaka yake yote Kagwe alikuwa na neno kwa kila bega na kila kiwiko.

"Ni wewe?" aliuliza.

Musembi alicheka bila furaha. "Sasa ndio unauliza. Si mimi, Kocha. Nilikuwa nimelala."

"Basi leta rufaa. Mimi nitasema."

"Nitaleta. Kwa sababu ya mama."

Siku ya kamati Absalom aliketi karibu na dirisha, kovu limemkaza shavu. Kagwe alisema aliyokuja kusema. Alisema kwamba kofi lile ni lake yeye, kocha, kwa maana ndiye aliyelisambaza, na kwamba mtu yeyote aliyepita mikononi mwake angeweza kuwa ndiye aliye kwenye video.

Absalom akauliza, "Kwa hivyo aliyenipiga ni nani?"

"Sijui, Absalom."

"Uliniapia."

"Niliapa. Sijui."

Absalom alitikisa kichwa na kutazama nje. Mwanakamati mmoja mwenye miwani akasema, kwa upole kabisa, "Mzee, kama huwezi kuwatofautisha vijana wako, tunakuajiri kwa kazi gani?"

Njiani kutoka Thika Kagwe alikuwa ameliandaa jibu la swali hilo. Lilikuwa jibu refu, lenye ushindi wa miaka na majina ya warushaji. Sasa kila neno lake lilisikika masikioni mwake kama ule mzaha wa jina la mke wake. Akaketi.

Wasio wanakamati walitoka nje, wakasubiri. Bi Wamboi alipotokea mlangoni, alisoma uamuzi bila kupamba: ushahidi haukutosha, Musembi arudi darasani muhula ujao. Kaluki, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi na kitenge chake kizuri, alijifunika uso kwa viganja na kukaa hivyo muda mrefu.

Kagwe alimfuata kijana hadi alipoegesha pikipiki.

"Muhula ukianza," alisema, "mazoezi bado ni Jumatatu saa kumi na moja jioni. Kituta tumekitengeneza upya. Sitakuambia uje. Nakuambia tu saa."

Musembi alimsaidia mama yake kupanda, akamwekea mkoba mapajani, akamkazia kofia ya usalama kidevuni.

"Jumatatu jioni nina darasa, Kocha," alisema.

Kagwe ndiye aliyeichagua saa ile miaka iliyopita, akiwa na ratiba ya chuo kizima mbele yake, kwa kuwa Jumatatu jioni hapakuwa na somo lolote katika idara yoyote.

"Haya," alisema. "Usome vizuri."

"Asante."

Kaluki alimpungia mkono. Musembi aliangalia kulia na kushoto, akaingia barabarani.